Injini Moja, Kazi Nyingi: Kikundi Kichague Vipi Mashine ya Shamba ya Bei Nafuu?

Somo la kusomwa kikundini. Lisomeni sehemu moja moja, mkijadiliana.



Vikundi vingi tunavyotembelea hapa Karagita vimefika mahali pazuri. Pesa za kila wiki zimewekwa, mzunguko umekwenda vizuri, na sasa wanachama wanasema: "Tumechoka na jembe na fyekeo. Tununue mashine." Na kwa kuwa pesa ni kidogo, wazo linalokuja mara moja ni mashine ya kazi nyingi: injini moja ambayo leo inakata nyasi, kesho inapalilia, kesho kutwa inavuta maji, na ikibidi inakatakata majani ya ng'ombe. Muuzaji naye hufungua boksi, akapanga vichwa vinne mezani, akasema: "Bei ni moja tu."

Wazo hili si baya. Lakini hebu tukumbuke pesa hizo zimetoka wapi. Ni akiba ya mwaka mzima ya watu ishirini hivi, wengi wao vibarua wa mashamba ya maua na akina mama wanaouza mboga kando ya barabara. Hizo si pesa za kujaribia. Zikiishia kwenye mashine inayolala stoo, hakuna wa kuzirudisha, na kikundi chenyewe kinaweza kuvunjika kwa lawama. Ndiyo maana tunawaomba mlisome somo hili kabla ya mtu yeyote kutumwa Naivasha mjini au Nairobi na pesa mfukoni.

Jambo tunalotaka mlishike ni moja: chagueni kazi kwanza, halafu mashine. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Mashine nzuri ya kazi nyingi ni ile inayofanya vizuri kazi moja mnayoihitaji kila wiki. Hizo kazi nyingine ni nyongeza.

1. KAZI GANI INATUUMIZA ZAIDI?

Kaeni mviringo, mchukue karatasi kubwa. Kila mwanachama ataje kazi tatu za shamba zinazomchosha. Halafu kwa kila kazi mwandike: inafanywa mara ngapi kwa mwezi? Inachukua watu wangapi na saa ngapi? Tukimwajiri kibarua tunamlipa ngapi? Msiharakishe. Mara nyingi kazi iliyotajwa kwanza kwa sauti kubwa siyo inayokula saa nyingi.

Fikirini pia juu ya mahali petu. Naivasha hupata mvua kidogo, milimita 600 na kitu kwa mwaka, kwa sababu milima ya Nyandarua upande mmoja na Mau upande mwingine hutuzuilia mawingu. Udongo wetu mwingi ni jivu la volkano. Ni mwepesi, unapitisha maji upesi, na ukikauka unakuwa vumbi. Kwa hiyo kulima hakutusumbui kama kunavyowasumbua ndugu zetu wa Kinangop wenye udongo mzito unaonata. Watu kumi na majembe ya meno wanaweza kulima shamba dogo la Karagita kwa asubuhi mbili, na kazi hiyo inarudi mara mbili au tatu tu kwa mwaka. Lakini maji ni kila siku.

Tufanye hesabu. Chukueni kipande cha sukuma wiki cha mita 20 kwa mita 25. Hiyo ni mita za mraba 500. Siku ya jua kali, kila mita ya mraba inahitaji kama lita 4 za maji. Zote pamoja ni lita 2,000. Hiyo ni mitungi 100 ya lita 20! Mama akibeba mitungi miwili kwa safari moja, ni safari 50. Sasa mnaona kazi inayokula mgongo ni ipi.

Kikundi kingine kitapata jibu tofauti. Wenye ng'ombe wa maziwa wataona kwamba kukatakata lishe ndiko kunakula saa. Vijana wanaopewa kazi ya kufyeka nyasi shuleni na kwenye viwanja vya watu wataona ni fyekeo. Kila kikundi kiwe na jibu lake.

2. MASHINE ZENYEWE NI ZIPI?

(a) Fyekeo la injini lenye vichwa vya kubadilisha. Hii ndiyo inayouzwa sana kama mashine ya kazi nyingi. Ina injini ndogo nyuma, bomba refu, na mbele unafunga kichwa unachotaka: kisu cha chuma, uzi wa nailoni, kichwa cha kupalilia, msumeno wa matawi, au pampu ndogo. Kwa kufyeka, inafanya kazi nzuri. Mtu mmoja atafanya kazi ya watu kadhaa wenye fyekeo la mkono. Kichwa cha kupalilia kinafaa kati ya mistari, kwenye udongo uliokwisha kulimwa. Msitegemee kitavunja ardhi ngeni yenye nyasi za mizizi. Kitarukaruka juu tu, na mshikaji atachoka mikono. Pampu yake ndogo inafaa kumwagilia kitalu, si shamba. Na mashine hii haiwezi kuendesha kikatio cha lishe.

(b) Injini ya kusimama yenye puli. Hii ni injini ya petroli ya nguvu za farasi 5 hadi 7 iliyofungwa kwenye fremu ya chuma. Kwa mkanda unaiunganisha na kikatio cha lishe, kesho na mashine ya kupukuchua mahindi, kesho kutwa na pampu. Fundi wa jua kali anaweza kutengeneza fremu na kubadilisha puli. Kwa maoni yetu hii ndiyo mashine ya kazi nyingi hasa, kwa sababu injini ina nguvu ya kutosha na spea zake hupatikana. Ubaya wake ni uzito. Haizunguki kutoka plot hadi plot bila mkokoteni.

(c) Pawatila, yaani trekta ndogo ya kuendesha ukitembea nyuma yake. Majirani zetu wa Tanzania wana la kutufundisha hapa. Mwaka 2009 serikali yao ilitangaza mpango wa Kilimo Kwanza, na pawatila nyingi zikapelekwa wilayani. Zilifaa zaidi kwenye mabonde ya mpunga, penye udongo laini wenye maji, kuliko kwenye ardhi kavu na ngumu. Mashine ilikuwa ile ile, udongo ndio ulikuwa mwingine. Kwa kikundi chenye nusu ekari, pawatila ni pesa nyingi kwa kazi ya siku chache. Kodisheni.

(d) Mashine za stima na za betri. Mota ya stima haihitaji oili wala plagi, na haina moshi. Kikatio cha lishe cha stima kinafaa kama kinakaa mahali pamoja. Lakini nyumba nyingi za kukodi za Karagita zina nyaya nyembamba za taa na redio tu. Mota kubwa itachoma nyaya, na mwenye plot atakuja juu. Mwiteni fundi wa stima aangalie kwanza. Kwa zile za betri, jambo kubwa ni hili: betri moja iingie kwenye vifaa vyote vya kampuni hiyo, na mjue bei ya betri ya pili kabla ya kununua ya kwanza.

(e) Mashine isiyo na injini. Msiidharau. Mwaka 1991 Nick Moon na Martin Fisher walianzisha hapa Kenya shirika la ApproTEC, ambalo baadaye liliitwa KickStart. Mwaka 1996 wakaanza kuuza pampu ya kukanyaga kwa miguu iitwayo MoneyMaker. Pampu ya kukanyaga iliyo nzima, kama maji hayako chini sana, hutoa karibu lita moja kwa sekunde. Zile lita 2,000 za sukuma wiki zinatoka ndani ya saa moja watu wakipokezana. Pampu ya petroli ya inchi 2 itazitoa kwa dakika kumi hivi. Swali ni hili: hizo dakika hamsini mnazookoa zinatosha kulipia petroli, oili, plagi na fundi? Kwa shamba dogo, mara nyingi jibu ni hapana. Kwa ekari mbili, jibu linageuka.

3. NGUVU YA KWENYE BOKSI NA NGUVU YA NAIVASHA

Nguvu iliyoandikwa kwenye boksi imepimwa mahali palipo karibu na usawa wa bahari. Mombasa mtaipata. Sisi tuko juu kama mita 1,900, na hewa yetu ni nyembamba. Injini ya petroli hupoteza karibu asilimia 3 na nusu ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Pigeni hesabu: hapa kwetu inapotea karibu moja ya tano. Injini ya nguvu za farasi 5 ni kama 4 ikifika Karagita. Basi msinunue injini inayotosha kwa shida. Chukueni yenye akiba kidogo.

Hewa hiyo hiyo inahusu pampu. Pampu iliyo juu ya ardhi haiwezi kuvuta maji kutoka chini sana, hata iwe na injini kubwa namna gani. Vitabu husema mita 7. Hapa kwetu hesabuni 5 hadi 6. Pimeni kisima kwa kamba yenye jiwe kabla ya kununua pampu.

Na hapa tunatoa onyo kali. Maji yakishuka, wengine huteremsha pampu ya petroli ndani ya kisima. MSIFANYE HIVYO KAMWE. Moshi wa petroli una gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo hujaa kisimani na kuua watu kwa dakika chache. Anayeshuka kumwokoa wa kwanza hufa pia. Kama maji yako chini kuliko mita 6, tafuteni pampu ya kuzamishwa inayotumia stima au jua, au muache kisima hicho.

Jambo la tatu ni vumbi. Vumbi letu la volkano ni kama msasa. Likipita kwenye kichujio cha hewa, linakwangua injini ndani, na mashine mpya inazeeka kwa msimu mmoja. Kichujio cha sponji kikaguliwe kila siku ya kazi. Kioshwe kwa maji na sabuni, kikaushwe kabisa, kitiwe oili kidogo na kukamuliwa. Injini isiwashwe bila kichujio hata kwa dakika moja.

4. RAHISI INAWEZA KUWA GHALI

Bei ya dukani ni mlango tu. Tuchukue mfano. Bei hizi ni za kujifunzia, si za duka lolote.

Mashine A inauzwa shilingi 14,000. Inafanya kazi saa 200 kabla ya kuchoka, na matengenezo yanakula shilingi 6,000. Jumla ni shilingi 20,000. Gawanya kwa saa 200: kila saa inagharimu shilingi 100, kabla ya petroli.

Mashine B inauzwa shilingi 32,000. Inafanya kazi saa 800, na matengenezo yanakula shilingi 8,000. Jumla ni shilingi 40,000. Gawanya kwa saa 800: kila saa ni shilingi 50.

Mnaona? Ile ya bei ya chini ndiyo ya gharama ya juu. Lakini ngojeni kidogo. Kama kikundi kina kazi ya saa 20 tu kwa mwaka, mashine A itawatosha miaka kumi, na B itakaa stoo. Na hata hiyo A, kwa saa 20, pengine ni afadhali kukodi ya jirani. Kwa hiyo andikeni saa mlizopata kwenye Sehemu ya 1. Hizo ndizo zitakazowaambia kama mnunue A, mnunue B au mkodi.

Ongezeni petroli. Fyekeo la injini hunywa karibu lita moja kwa saa ikifanya kazi kwa nguvu. Injini ya kusimama hunywa lita moja hadi moja na nusu. EPRA hutangaza bei ya mafuta tarehe 14 ya kila mwezi, kwa hiyo mweka hazina afanye hesabu upya kila mwezi.

Kuna injini za namna mbili, nazo ni lazima mzijue. Ya kwanza inakunywa petroli iliyochanganywa na oili yake maalum. Ya pili ina petroli peke yake na oili mahali pake, kama pikipiki za boda boda. Hii ya pili huwa nzito kidogo na ghali kidogo, lakini haina kuchanganya. Ya kwanza, kama kijitabu kinasema 25 kwa 1, ni mililita 40 za oili kwa lita moja ya petroli. Kikisema 50 kwa 1, ni mililita 20. Msikisie kwa kifuniko cha soda. Na kijana wa boda boda asije akasema "petroli ni petroli" akaijaza bila oili. Injini itakwama siku hiyo hiyo, na hakuna waranti itakayosaidia.

5. SIKU YA KWENDA DUKANI

Watumeni watu watatu: mweka hazina, mmoja anayejua injini kidogo, na mmoja atakayeitumia mashine. Huyu wa tatu asisahauliwe. Kama ni mama ndiye atakayeitumia, aende yeye, aibebe na aiwashe. Mashine ya kilo kumi na zaidi begani kwa saa mbili si mchezo.

Wafanye haya:

- Waombe iwashwe ikiwa baridi. Iliyopashwa moto kabla hamjafika huficha ugonjwa.
- Waulize spea: kamba ya kuwashia, plagi, kabureta, klachi, kichujio. Wasikubali neno "zitakuja". Wazione kwa macho, na waulize bei.
- Wamuulize fundi wa karibu nanyi: "Injini hii umewahi kuifungua?" Fundi akitikisa kichwa, rudini nyumbani.
- Waulize bei ya kila kichwa peke yake. Mara nyingi vichwa vitatu kati ya vinne hamtavihitaji.
- Wapime bomba. Mafyekeo mengi ya injini yana bomba la milimita 26 au 28, na shafti ya ndani ina meno 7 au 9. Kichwa kisicholingana hakiingii hata mkilia. Andikeni namba hizo kwenye daftari la kikundi.
- Waangalie nembo ya KEBS, na kijitabu kiwe cha lugha mnayoisoma.
- Risiti iandikwe jina la kikundi, si la mwenyekiti.

Hilo la mwisho lina uzito. Siku mwenyekiti akihama au akifariki, mashine yenye risiti ya jina lake inakuwa mali ya jamaa zake. Kikundi kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022 kina cheti chake kutoka ofisi ya maendeleo ya jamii. Wekeni risiti na cheti faili moja.

6. KABLA YA MASHINE KUFIKA, KANUNI ZIFIKE

Mashine ya kila mtu hugeuka haraka kuwa mashine isiyo na mtu. Kila mmoja anaitumia, hakuna anayeiosha. Kaeni mkubaliane, mwandike, mtie sahihi:

Nani ataiendesha? Wachagueni wawili, mwanamke na mwanamume ikiwezekana, wafundishwe vizuri. Wengine wasiishike.

Nani ataitunza? Iwe na stoo yenye kufuli, na mtu mmoja wa ufunguo.

Daftari la mashine. Liwe na mistari mitano: tarehe, imetumiwa na nani, saa ngapi, lita ngapi, pesa iliyolipwa. Bila daftari mtagombana.

Malipo. Hata mwanachama alipe. Bei iwe na sehemu tatu: petroli, mwendeshaji, na uchakavu. Uchakavu ni ile shilingi 50 au 100 ya kila saa tuliyoipata kwenye hesabu. Hiyo iwekwe kando, isiguswe kwa mkopo wala kwa harambee. Siku mashine itakapozeeka, pesa ya kununua nyingine ipo.

Asiye mwanachama alipe zaidi, na alipe kabla.

7. MACHO, VIDOLE NA ZIWA

Kisu cha fyekeo kikigonga jiwe kinalirusha kama risasi. Mwendeshaji avae miwani ya kazi, viatu vigumu na suruali ndefu. Leso na kitambaa kinachoning'inia vibaki nyumbani. Watu wengine na watoto wakae mita 15 mbali. Penye mawe tumieni uzi wa nailoni, si kisu cha chuma.

Kikatio cha lishe hakina huruma na vidole. Majani yasukumwe kwa kijiti, mikanda ifunikwe kwa bati, na kikikwama injini izimwe KWANZA. Tena msilishe ng'ombe mabaki ya maua kutoka mashambani, kwa maana yamepuliziwa dawa.

Petroli isiwekwe kwenye chumba kimoja na jiko na watoto wanaolala. Katika plot zetu za vyumba vilivyoshikana, moto wa chumba kimoja ni moto wa wote. Nunueni ya kazi ya siku hizo tu. Isiwekwe kwenye chupa ya soda au ya maji, mtoto atainywa. Mashine ikilala zaidi ya mwezi mmoja, tangi litolewe petroli yote.

Na sasa ziwa. Kuvuta maji ya ziwa, mto au kisima kwa mashine ili kumwagilia shamba kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA. Ulizeni kabla, msije mkanyang'anywa pampu. Tangu mwaka 2020 tumeona jinsi maji ya ziwa yanavyoweza kupanda na kufuata watu majumbani, basi msijenge kibanda cha pampu ukingoni. Mafunjo ya ukingoni nayo msiyafyeke hata kama mashine inaweza. Yanachuja matope, na samaki huzaana humo. Ziwa Naivasha lilitambuliwa mwaka 1995 chini ya mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu, na wavuvi wetu wanalitegemea. Kumbukeni pia kwamba viboko hupanda malishoni jioni na usiku. Kazi ya ukingoni iishe mapema.

8. MFANO WA VIKUNDI VITATU

Tuwaze vikundi vitatu, vyote vina shilingi 35,000.

Cha kwanza ni akina mama wa mboga, kipande cha mita 20 kwa 25, kisima cha mita 4. Kazi yao kubwa ni maji. Pampu ya kukanyaga na mipira mizuri inawatosha. Pesa inayobaki ni ya mbegu na mbolea. Hawahitaji injini mwaka huu.

Cha pili ni vijana wanaofyeka kwa malipo, saa 30 kwa mwezi. Wanunue fyekeo moja la injini nzuri, lenye spea Naivasha, na kichwa cha uzi na cha kisu. Kichwa cha kupalilia wakinunue baadaye kama watu watakiulizia.

Cha tatu ni wafugaji walio karibu karibu, kila mmoja ana ng'ombe mmoja au wawili. Hao ndio wa injini ya kusimama yenye puli. Asubuhi inakata lishe, na msimu wa mavuno inapukuchua mahindi kwa malipo. Kama pesa haitoshi kwa vyote, waanze na injini na kikatio tu, kupukuchua kungoje.

Angalieni: pesa ni zile zile, mtaa ni ule ule, majibu ni matatu. Kila kikundi kilitanguliza kazi.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ni kazi gani moja inayokula saa nyingi zaidi kikundini mwetu? Ni saa ngapi kwa mwezi?
2. Kuna mtu au kikundi jirani mwenye mashine hiyo tunayoweza kukodi kwa mwezi mmoja, tukaijaribu?
3. Fundi wetu wa karibu anajua injini ipi, na spea zinapatikana wapi?
4. Tukiinunua, kila saa itatugharimu ngapi? Tutamlipisha mwanachama ngapi?
5. Nani wawili watafundishwa, na nani atashika ufunguo?
6. Kisima chetu kina mita ngapi hadi kwenye maji?

KAZI YA NYUMBANI

Kabla ya mkutano ujao, kila mwanachama aandike kwa siku saba saa anazotumia kuchota maji, kulima, kupalilia, kufyeka na kutafuta lishe. Asiyejua kuandika amwombe mtoto wa shule amsaidie. Katibu ajumlishe zote na kuzibandika ukutani. Mkishaziona namba hizo, mengi ya yale mliyobishania yatakuwa yamejijibu yenyewe, na mtamtuma mtu dukani akijua anakwenda kununua nini.